Kibali Kwanza, Msingi Baadaye

Mila zetu za visiwani hazimruhusu mtu kuingia katika nyumba ya mwenzake bila ya kupiga hodi. Husimama nje ya mlango, akatoa sauti mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akikaribishwa huingia, asipojibiwa hurudi alikotoka. Adabu hiyo tuliifunzwa chuoni, tukiwa bado watoto wa juzuu, kabla ya kupelekwa skuli ya Serikali kujifunza hesabu na jiografia. Leo tunataka kuizungumzia adabu hiyo katika jambo ambalo limeanza kuisahau, nalo ni ujenzi wa nyumba katika ardhi ya majimaji ya pwani: mikokoni, kwenye vinamasi vya ukingo wa bahari na katika mabonde yanayopokea maji ya mvua na ya bamvua kwa pamoja.

Kila anayepita pembezoni mwa mikoko yetu, Unguja na Pemba, anayaona kwa macho yake. Kwanza hukatwa miti michache, ikasemwa kuwa ni kuni. Kisha humwagwa gari moja la kifusi, na baada ya siku chache la pili. Halafu huonekana rundo la mawe, matofali na mchanga, na kabla mwezi haujaandama msingi umekwisha kuinuka. Ukimuuliza mwenyewe kama anacho kibali, atakuonyesha karatasi iliyokunjwa mara nne yenye saini za mashahidi. Atakwambia, na pengine kwa moyo safi kabisa, kwamba hicho ndicho kibali.

Hatukusudii kumtukana mtu wa namna hiyo. Haja ya nyumba ni haja ya haki. Katika sensa ya 2012 watu wa Zanzibar walihesabiwa kuwa 1,303,569, na katika sensa ya 2022 wakawa 1,889,773. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka kumi tumeongezeka zaidi ya nusu milioni, katika visiwa ambavyo kwa jumla havifiki kilomita za mraba 2,700. Watu hao wanataka pa kulala, pa kupikia na pa kulelea watoto. Bahari haikurudi nyuma ili kutupisha. Mwananchi ambaye hakupata kiwanja juu ya mwamba hutazama chini bondeni, na huko hukuta ardhi ambayo haina mnazi, haina muhogo, wala haina mtu wa kumkataza. Huiona kuwa ni ardhi iliyoachwa, naye huichukua.

Mwandishi wa safu hii hawezi kulisema jambo hili kama mtu aliyesimama mbali. Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi na baba wa watoto watano, alipata kiwanja ukingoni mwa mikoko. Aliyemuuzia alikuwa ni mzee aliyedai kuwa pahala pale ni urithi wake. Karatasi ya mauziano iliandikwa barazani, bei ikatajwa, dua ikasomwa, na mashahidi wakatia saini. Miongoni mwa mashahidi hao nilikuwamo mimi. Nilijulikana mtaani kuwa ni mtu wa chama, na saini yangu ilionekana kuwa inaongeza uzito. Nami niliitoa bila ya kuuliza swali hata moja.

Mwalimu yule hakuwa mhalifu. Aliandika barua ya kuomba kibali cha ujenzi, akaambatisha mchoro wa nyumba, akaipeleka ofisini. Aliambiwa arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi aliambiwa faili liko mezani kwa bwana fulani, na bwana fulani yuko safarini. Mara ya tatu aliambiwa faili limehamia ofisi nyengine, na kule nyengine akaambiwa halijafika. Hakuna aliyemwambia kwamba pahala pale hapajengwi, wala hakuna aliyemwambia ajenge. Masika yakapita, vuli ikapita, matofali yake yakaanza kuibiwa usiku. Ilipofika kaskazi, wakati tope limekauka na kupasuka hata likafanana na ardhi ngumu, alimwita fundi.

Masika yaliyofuata mvua kubwa iliangukia siku za bamvua. Maji ya juu yaliteremka, maji ya chini yakapanda, yakakutana chumbani mwa mwalimu usiku wa manane. Shimo la choo lilifurika, na kisima cha majirani watatu kikaharibika. Muda si mrefu baadaye walikuja watu wa ofisi, ambao safari hii hawakuchelewa, wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani. Mwalimu alinijia jioni ile na karatasi yake mkononi, akaniuliza: "Ndugu yangu, saini hii si yako?" Sikuwa na jibu. Nyumba ile hadi leo ipo, alama ipo, na watoto wamo ndani. Haikubomolewa na haikuhalalishwa. Kila wingu likitanda, mama mwenye nyumba hupandisha magodoro juu ya kabati.

Kisa hiki kinatufunza mambo mawili, na yote mawili yanafaa kusemwa bila ya kificho. La kwanza ni la sisi wananchi, na la pili ni la watendaji wa Serikali.

Kwa upande wetu wananchi, hatuna budi kukumbushana sheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi wote, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu za kulima. Sheria ya Ardhi ya 1992 iliendeleza msingi huo: mtu hupewa haki ya kuitumia ardhi, na haki hiyo ina masharti. Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya 1994 ikaweka utaratibu wa kuihamisha haki hiyo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwengine. Kwa hivyo karatasi ya barazani, hata ikiwa na saini kumi na dua ndefu, si hati. Vile vile maneno ya sheha si kibali cha ujenzi. Sheha anamjua mkaazi wake na anaweza kuthibitisha kwamba fulani ni mtu wa shehia yake; lakini hawezi kumhalalishia mtu kujenga mahali ambapo sheria imepakinga. Tena ipo Sheria ya Misitu ya 1996, inayoilinda mikoko kama inavyoilinda misitu mengine, na ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015, iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira na kutaka madhara ya ujenzi katika maeneo kama haya yachunguzwe kabla ya kazi kuanza. Mazingira si jambo la Muungano, na ndugu zetu wa Tanzania Bara wana sheria yao ya 2004, ambayo imezuia shughuli zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria ni mbili, lakini bahari inayozingatiwa ni moja.

Pengine atasimama mtu aseme: "Mbona wazee wetu walikaa pwani tangu dahari, na hawakuomba kibali kwa mtu?" Ni kweli walikaa pwani. Lakini watazame walijenga wapi. Walijenga juu ya mwamba, au juu ya mchanga uliopanda, nyuma ya mstari ambao bamvua kubwa haliuvuki. Mikoko waliiacha mbele yao ikawa ngome. Waliijua kwa majina, mkandaa, mchu, msinzi, mkomafi na mlilana, na kila mmoja walijua kazi yake. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari na sakafu za Mji Mkongwe, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vyake. Majahazi yalizichukua hadi Arabuni, ambako miti ya kujengea ni haba. Wazee walikata boriti kutoka mikokoni, lakini hawakwenda kulala huko.

Walikuwa na sababu. Ardhi ya mikoko ni tope laini lisilo na pumzi, ndiyo maana mizizi ya miti hiyo hutokeza juu kutafuta hewa. Tope hilo halibebi ukuta wa matofali. Ukuta hutitia upande mmoja na kupasuka. Chumvi hupanda katika saruji kama mafuta yanavyopanda katika utambi, na nondo zikipata kutu huvimba na kuipasua zege kwa ndani. Shimo la choo likichimbwa hapo halina pa kunywesha, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi yako karibu mno. Basi uchafu hurudi juu, au hutafuta njia ya kwenda kisimani. Visiwa hivi vilipopatwa na mlipuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016, maelfu ya watu waliugua na wengine wakapoteza maisha yao. Hatusemi kwamba nyumba za mabondeni ndizo zilizoleta maradhi yale. Tunasema kwamba maradhi ya namna ile hupenda mahali ambapo choo na kisima vimekuwa majirani.

Chuoni tulifunzwa kwamba hata kisima kina mpaka wake, unaoitwa harimu, na mtu hana ruhusa ya kuchimba au kujenga ndani ya mpaka huo hata akamdhuru mwenye kisima. Mikoko nayo ina harimu yake. Humo ndimo wanamozaliwa kamba na samaki wengi tunaowaona sokoni, na humo ndimo wanamotembea kaa wanaomlisha mvuvi siku za upepo. Mizizi yake huvunja nguvu ya wimbi na kuushika udongo unaoteremka kutoka mashambani. Anayejaza kifusi bondeni huinua kiwanja chake shubiri mbili, lakini maji yaliyokuwa yakikaa pale hayakupotea: yamehamia kwa jirani. Masika ya Mei 2017 mitaa ya mabondeni katika Mkoa wa Mjini Magharibi ilijaa maji, na wengi walioathirika walikuwa ni watu ambao kosa lao lilikuwa ni kukaa karibu na bonde lililozibwa na mtu mwengine. Pemba nako, wakulima wa sehemu kadhaa wameyaona maji ya bahari yakiingia katika mabonde yao ya mpunga. Wataalamu wa hali ya hewa duniani wametueleza kwamba kina cha bahari, kwa wastani wa dunia nzima, kilipanda kiasi cha sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na bado kinapanda. Si wakati wa kuibomoa ngome huu.

Wala tusijidanganye kwamba maji yakifukiwa yamekwisha. Tunaitamka kila siku shahada ya jambo hilo bila ya kufikiri. Darajani ni Darajani kwa sababu palikuwa na daraja, na daraja lilikuwapo kwa sababu palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulijazwa udongo enzi za ukoloni, barabara ikapita juu yake, na leo pana soko. Kazi ile ilifanywa kwa nguvu na fedha za Serikali nzima. Mtu mmoja mwenye magari mawili ya kifusi hawezi kuifanya.

Sasa tugeukie upande wa pili, na hapa tunaomba radhi kwa wakubwa wetu maofisini, kwa sababu ukweli una ukali wake. Tumesema kwamba mpiga hodi asipojibiwa hurudi alikotoka. Hiyo ni adabu ya mgeni, na mgeni ana kwao. Lakini mwananchi anayepiga hodi mlangoni mwa ofisi ya Serikali hana kwengine pa kurudi. Akipiga mara tatu bila ya kujibiwa, ataingia dirishani. Nyumba nyingi tunazoziona mikokoni leo ziliingia dirishani, na dirisha hilo waliliacha wazi watendaji wenyewe.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwombaji anayeambiwa kila siku "njoo kesho" huanza kufikiri kwamba kuna kitu kinachosubiriwa kutoka kwake. Hapo ndipo wanapojitokeza madalali wa vibali, wale wanaosimama nje ya ofisi na kunong'ona kwamba mkono mtupu haulambwi. Rushwa ya namna hii ni mbaya mara mbili. Inamnyang'anya masikini akiba yake, na pia inamuuzia kitu ambacho hakiuziki. Hata angelipa mara kumi, hakuna afisa anayeweza kulipa bonde kibali cha kutokujaa maji.

Kukataa kwa wakati ni huruma. Lau mwalimu yule angelijibiwa ndani ya mwezi mmoja, kwa maandishi, kwamba pahala pale hapajengwi na sababu ni hizi, angelidai fedha zake kwa muuzaji wakati bado zipo, matofali yangelikuwa hayajaibiwa, na mikoko ingelikuwa imesimama. Jibu la "hapana" lililokuja baada ya paa kuezekwa, tena kwa rangi nyekundu, si utekelezaji wa sheria. Ni kumuadhibu mwananchi kwa uzembe wa ofisi.

Tena tuseme na hili. Mwananchi hatazama sheria tu, hutazama pia nani anayetiishwa nayo. Akiona kibanda cha mvuvi kimechorwa X, na hatua mia moja mbele ukuta wa mwenye uwezo umeingia ndani ya mikoko na haukuguswa, hataamini tena hotuba ya mazingira hata isomwe na nani. Tunawahitaji wenye mitaji, na hoteli zinawapa vijana wetu kazi. Lakini bamvua halisomi cheti cha uwekezaji. Mpaka wa maji uwe mmoja kwa wote, la sivyo utakuwa si mpaka.

Ramani hatukuzikosa. Mji wa Zanzibar ulipangiwa ramani 1923 wakati wa Waingereza, ukapangiwa tena 1968 na mtaalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na 1982 na wataalamu wa China. Kinachotakiwa ni kuzitoa ramani makabatini na kuzipeleka mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuziona. Tunapendekeza kwamba kila shehia yenye pwani au bonde iwe na ramani yake ukutani, yenye mstari mmoja ulio wazi: hapa pajengwe, hapa pasijengwe. Mstari huo uwekewe vigingi vya zege ardhini, ili mtu asiyejua kusoma ramani avione kwa macho yake, na ili muuzaji mjanja asiweze kusema hakujua.

Tunapendekeza pia kwamba kila ombi la kibali lipewe siku maalumu ya kujibiwa, na siku hiyo iandikwe katika stakabadhi anayopewa mwombaji. Siku ikipita bila ya jibu, anayepaswa kuulizwa ni afisa, si mwombaji. Masheha na viongozi wa matawi, nikiwamo mimi mwenyewe, tuache kabisa kutia saini mauziano ya ardhi ya majimaji. Asiyekubali kuacha aulizwe hadharani kwa nini. Na pale ambapo jibu ni hapana, liambatane na kuonyeshwa pengine. Kumwambia mtu "usijenge hapa" bila ya kupima viwanja vyengine vyenye njia na maji ni sawa na kumwambia asizae. Na kwa kuwa ardhi ya kujenga ni chache, tusione haya kurudi katika fikra ya nyumba za ghorofa, kama zilivyoinuliwa Michenzani na Kikwajuni, ambazo huwaweka watu wengi juu ya ardhi ndogo.

Ama wale ambao wameshajenga, jambo lao linataka uadilifu na subira. Nyumba zitazamwe moja moja. Iliyo katikati ya mkondo wa maji haina budi kuondoka, lakini isibomolewe wakati wa masika wala kabla familia haijapata pa kwenda. Waliodanganywa na wauzaji wasaidiwe kudai haki zao. Na palipoondoka nyumba parudishwe mikoko, kwani kina mama na vijana wa sehemu nyingi za visiwa hivi wamekwisha kuonyesha kwamba mikoko hupandwa ikashika.

Kwenu ndugu wananchi, tunatoa mwito mwepesi. Kabla ya kutoa shilingi yako kununua kiwanja karibu na pwani, nenda ukakitazame siku ya bamvua kubwa, na tena siku ya mvua ya masika, usikitazame kaskazi peke yake. Ukiona kaa wanatoboa, jua kwamba pana mwenyewe. Kisha nenda ofisini ukaulize, na udai jibu la maandishi. Mtu asikutishe kwa kusema kwamba kuuliza ni kujichongea.

Mwalimu hakuja tena kuniuliza juu ya saini yangu. Tunasalimiana, tunakutana msikitini, na kila bamvua likijaa mimi hulisikia swali lake upya. Nimeandika safu hii kwa sababu lile deni siwezi kulilipa kwa njia nyengine, na kwa sababu najua kwamba saini kama yangu ziko nyingi katika visiwa hivi, na nyengine zina mihuri. Mwananchi na apige hodi kabla ya kuchimba msingi. Na aliye ndani, aliyepewa kiti ili aujibu mlango, aujibu.